Kaliba ya Bomba, Kaliba ya Mtu

Achieng mjukuu wangu,

Sisi hapa Nyalenda ni wazima. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na jana alienda mwenyewe soko la Otonglo kununua dagaa wa omena.

Unauliza mwalimu wako alimaanisha nini kusema chuo kinahitaji watu wa kaliba yako. Kwetu mafundi wa maji, kaliba ilikuwa upana wa tundu la bomba.

Nikiwa kijana tulilaza bomba mtaani humu. Jioni moja, kwa haraka ya kurudi nyumbani, nilifunga kipande cha kaliba ndogo. Kesho yake maji yakatoka kidogo mno, na kina mama wakalalamika kwenye foleni. Msimamizi akadhani ni kazi ya mwenzangu Odera, akamfukuza palepale. Odera alinitazama, akachukua koti lake, akaondoka. Nami nikaendelea na kazi.

Mchana chakula kilinishinda. Nikamwendea msimamizi.

"Mzee, ni mimi niliyekosea."

Alinikaripia sana, kisha akaagiza Odera aitwe, akamuuliza:

"Mbona hukujitetea?"

"Bibi ya huyu amejifungua juzi, Mzee. Akikosa kazi, watakula nini?"

Msimamizi akatukabidhi majembe, tuchimbe upya pamoja.

Mtoto huyo ndiye baba yako. Na hapo ndipo nilipojua kwamba hata mtu ana kaliba. Sasa mwalimu wako ameitaja yako, Achieng, na nimeisoma barua yako mara tatu.

Ni mimi babu yako, ninayekupenda.