Kamba Imetoka Mkononi Mwangu

Kwa mama yangu kipenzi, Bi Mwatum,

Shikamoo mama. Nataraji barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na mwani wako haujaliwa na samaki. Sisi huku mjini alhamdulillahi, mimi na Salhiya tu wazima, na kwa shangazi tunakula tukasaza. Ningekupigia simu, lakini nnakujua, ungenikata kalima kabla sijafika kati. Kwenye barua huna njia, itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Mwanao Salhiya kabadilika, mama. Alipokuja alikuwa akikimbia kama atafutaye kizingiti kwa mguu: kifua nyuma, unyayo unatangulia mbali, kila hatua inamfunga breki. Mwalimu Suud, anayewafundisha mbio wasioona, akamnyoosha kidogo kidogo. Mguu utue chini ya nyonga, usiende mbali. Goti lipande. Mikono iende mbele na nyuma, isikate kifua. Na taya alilegeze, maana Salhiya akikimbia alikuwa akiuma meno utadhani anagombana na mtu. Mimi ndiye kiongozi wake, tumefungwa pamoja kwa kile kipande cha kamba ya mwani ulichotukatia, mkono wangu unakwenda na wake. Nikajiona bingwa, loh!

Juzi mwalimu akaniita pembeni. Akasema Jumamosi wanachaguliwa watakaokwenda kushindana bara, na kwa mwendo ule Salhiya hatachaguliwa, sababu ni mimi. Nilikasirika, mama. Nikamjibu kuwa mimi sijapata kuchoka hata siku moja. Akanionesha video ya mazoezi kwenye simu yake. Tukifika katikati, kamba inakazika. Yeye ndiye aliye mbele, kisha anafupisha hatua ili nimfikie. Mazoezi yote yale mdogo wangu alikuwa akinisubiri.

Nilimuuliza, akakana. Nikambana, akalia. Akasema anajua ulivyoapa, kwamba kamba ikitoka mkononi mwangu mimi Haitham, siku hiyo hiyo arudi nyumbani Chwaka. Basi heri ashindwe akiwa na mimi kuliko kurudishwa asikimbie tena. Mimi sikulaumu, mama. Nnamkumbuka yule mtoto wa jirani uliyemkabidhi Salhiya amshike mkono, akamwacha peke yake kwenye mwani maji yakijaa. Nnakumbuka ulivyoingia majini na nguo zako, unamwita, naye anaitika naam, naam, hajui aelekee wapi. Tangu hapo huuamini mkono wa mtu baki.

Sasa kaa kitako. Leo ndiyo Jumamosi yenyewe. Asubuhi kamba nimeitoa. Nimeifunga mimi mwenyewe kwenye mkono wa Tahiya, binti wa jirani yake shangazi, mwenye mbio kama paa na adabu zake. Neno lako nimelivunja, wala sikufichi. Salhiya hakutaka. Alinishika fulana akaniuliza nitakuwa wapi. Nikamwambia nitasimama mwisho wa mbio nimwite, kama wewe siku ile.

Walipoondoka, mimi nimeshasimama mwisho wa mbio. Nikawa natazama katikati, pale alipozoea kunisubiri. Hakusubiri, mama! Goti linapanda, mikono inakwenda, taya limelegea, na Tahiya yuko naye bega kwa bega. Nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, Salhiya, Salhiya! Naye akaja moja kwa moja mpaka akaniangukia kifuani, wa kwanza, hana pumzi, na neno alilolitoa ni naam.

Amechaguliwa. Ukitaka kumrudisha, ni mwanao, hatubishi. Ila usininyime radhi yako, na kabla hujakata shauri njoo umwone akikimbia. Anakusalimu sana, anasema usinigombeze. Nisalimie wote hapo nyumbani, na majirani, hata yule mtoto wao.

Kamba nimeikosha kwa maji baridi, nimeitundika msumarini. Sitaifunga tena mpaka uniambie kwa mkono wa nani.

Ni mimi mwanao uliyemwamini,
Haitham