Pasipoti Uliyosema Inatosha

Baba watoto,

Huku hatujambo. Mdogo ameng'oka jino, na bomba la jikoni bado linavuja.

Nilipokuuliza kama nibadilishe pasipoti kabla ya kuja huko, ulinijibu, "Haraka ya nini, mama? Imebakiza miezi minne, inatosha kabisa." Nikakuamini. Uwanja wa ndege wakanirudisha na masanduku yangu, mbele ya watoto walionisindikiza. Walisema lazima iwe imebakiza miezi sita.

Jana nilienda kuibadilisha kwenye ofisi uliyofanyia kazi miaka tisa. Nilipomweleza nilivyorudishwa, mwenzako wa dirisha la pili alibaki mdomo wazi.

"Shemeji, wewe ndiye wa kurudishwa? Mumeo si ndiye tuliyekuwa tukimwita Miezi Sita? Hakuna msafiri aliyepita dirishani kwake bila kuhubiriwa hilo!"

Nilicheka naye. Machozi niliyamalizia chooni.

Sikuulizi unaishi na nani huko. Pasipoti mpya ni ya miaka kumi. Kwenye fomu, pale pa mtu wa kuarifiwa nikipatwa na jambo, nilikuwa nimeshaanza kuandika jina lako. Nikalikata, nikaandika la mama yangu.

Ni mimi,
mama wa watoto wako.