Ndege wa Buluu kwenye Kikasha cha Bibi

Jumapili, 8 Juni 2025

Masumbwe. Kwa shangazi Bernadina. Baba amenileta jana, akageuza gari kurudi Isaka kwenye mizigo yake. Likizo yote niko hapa — nyumbani kwa mtu aliyeniita mwizi.

Nimeliandika neno lenyewe nikidhani nitaacha kulisikia. Bado nalisikia.

Ilikuwa Ibadakuli, siku ya kugawa vitu vya Bibi. Ua umejaa ukoo mzima. Shangazi akafungua tranka langu la shule bila kuniuliza, akatoa kikasha cha poda cha Bibi, akakiinua juu kama dalali wa mnadani. "Mnaona? Kaburi la mama halijakauka, mjukuu ameshakwapua."

Bibi alinipa mwenyewe. Kwa mkono wake, Januari, siku moja kabla sijarudi bwenini. "Kaa nacho, mayu, mama yangu. Wewe unajua kutunza." Chumbani tulikuwa mimi na yeye tu. Sasa nani atanishuhudia?

Nilitaka kusema. Mdomo ukafunguka, sauti haikuja. Watu wakizidi watatu sauti yangu haiji, tangu nikiwa mdogo. Shangazi akaendelea: kwanza ni chake kwa haki, mama alimnunulia dukani Shinyanga mjini, kipya, alipomaliza darasa la saba mwaka themanini na tatu. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakanisonya. Mimi naangalia vidole vya miguu.

Nitamlipa. Sijui vipi, ila nitamlipa.

Jumatano, 11 Juni

Kikasha kiko kwenye kabati la sebuleni, kati ya glasi za wageni. Leo shangazi alikwenda gulioni. Mumewe, Baba Blessing, alikuwa machimboni kununua dhahabu. Nikakitoa. Nikakipiga picha juu, chini na ndani kwa simu ya Blessing — binti yao, yuko form one, hana roho ya mama yake hata kidogo.

Kumbe kuna watu dunia nzima wanakusanya vikasha vya poda! Wana kurasa zao, wanabishana kuhusu bawaba kama watu wanavyobishana kuhusu mpira. Yote kwa Kiingereza. Nimesoma mpaka bando la Blessing limekata.

Kujua umri wa kikasha, usianze na picha ya juu, picha inadanganya. Anza ndani. Cha Bibi kina kifuniko cha pili, na ukifungua cha nje, hicho cha ndani kinanyanyuka chenyewe ili mama wa watu asivunje kucha. Maana yake kilitengenezwa kwa poda ya unga, ya kumimina, siyo hii ya siku hizi iliyogandishwa kwenye kisahani. Pamba ya kupakia ni ileile ya mwanzo, ina utepe wake. Chini kimegongwa kwamba kimetoka Uingereza, na namba ya hataza, ile ya kulinda ubunifu. Namba haikwambii kilitengenezwa lini. Inakwambia tu kisingeweza kuwepo kabla ya lini. Unaunganisha moja na moja.

Nimeunganisha. Miaka ya hamsini.

Miaka ya hamsini Bibi alikuwa msichana, yaya kwenye nyumba za wazungu wa mgodi wa almasi. Alisema madamu alimwachia siku anaondoka. Nilikuwa nadhani ni hadithi ya kunilaza.

Kipya, dukani, themanini na tatu? Nikampigia Baba. Alicheka kicheko cha kuchoka. Akasema mwaka ule hata sabuni ya kufulia ilikuwa ya foleni, nani Shinyanga alikuwa anauza poda ya Uingereza? Nikamwambia basi mwambie dada yako. Akajibu: achana nayo, mwanangu, yule ni mkubwa wangu.

Sawa. Baba ameachana nayo. Mimi bado.

Alhamisi, 12 Juni

Anataka kukiuza! Kuna dada wa Mwanza, anaitwa Hosiana, anawatafutia wazungu vitu vya kale. Atapita hapa Jumamosi ya wiki ijayo akienda Ushirombo.

Baba naye amejikaza kidogo, nimemsikia kwenye spika ya simu. Amemwomba dada yake: huyo mtu asipokichukua, apewe mtoto. Shangazi akacheka. Akasema kisiponunuliwa nikichukue nikachezee, yeye mwenyewe atakifanyia nini?

Kisha ananiuliza ni cha mwaka gani, Hosiana anataka kujua.

"Sijui, shangazi."

"Kusomeshwa English medium kote huko, kumbe hewa."

Nikaendelea kuchambua mchicha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefanya kitu.

Hosiana ametuma ujumbe. Ameuhamisha kama alivyoandika mteja wake wa Uingereza, Kiingereza kitupu. Shangazi akaniita jikoni, mikono ina unga, akanisukumia simu kwa kiwiko. "Haya msomi, nisomee."

Mteja anasema: msikisafishe. Msikisugue wala kukiosha. Poda ya zamani iacheni ndani, pamba iacheni ilivyo. Mkwaruzo mmoja unakishusha, na rangi ikitoka hakitaki kabisa.

Nikasoma kimya. Mara mbili. Nikakumbuka ua wa Ibadakuli.

"Wanasema kisafishwe vizuri," nikasema. "King'ae."

Sauti ilikuja. Laini, haikutetemeka. Sikuijua.

"Ndani na nje?"

"Ndani na nje, shangazi."

"Hata wasingesema ningekisafisha. Nani ananunua uchafu?"

Jumatatu, 16 Juni

Amekaa kizingitini na majivu, ndimu, na stiliwaya ya kusugulia masufuria. Anaimba wimbo wa kwaya. Mimi nafua karibu pale, nione.

Kwanza akakigonga ukingoni mwa jalala. Poda ikatoka kama moshi. Harufu ya Bibi — ya Jumapili asubuhi, ananifunga vifungo vya gauni la kanisani — ikasimama kidogo hewani, ikaisha. Pamba akairusha juu ya maganda ya viazi. Alipoingia ndani kuchukua maji nikaiokota. Iko kwenye soksi, chini ya tranka.

Halafu akaanza kusugua. Juu kuna ndege wawili wa buluu wanaokutana hewani. Bibi alinifundishia hapo kuhesabu: mmoja, wawili. Wa kushoto aliondoka haraka. Wa kulia amebaki na mkia na bawa, kichwa hana. Rangi ya dhahabu imebanduka pembeni pote.

Akakielekeza juani. "Ona kinavyowaka!"

Nikasema kinawaka kweli.

Nilifurahi. Sitajidanganya hapa.

Ijumaa, 20 Juni

Kesho. Blessing ameniuliza mbona siku hizi sili. Nimejaribu kujuta. Naanza vizuri tu, halafu nasikia "ameshakwapua", na kujuta kunapotea.

Hosiana atakikataa. Kitakuwa changu. Kimechubuka, lakini changu.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika haraka. Nimejifungia chumbani, komeo ni la msumari tu.

Hosiana alikuja asubuhi, gari linanguruma nje. Shangazi amevaa kitenge cha Pasaka, soda ziko mezani. Hosiana akakifungua, akakifunga, akapitisha kidole pale ndege walipokuwa. Akauliza pamba iko wapi. Shangazi akasema kwa fahari ametupa, ilikuwa kuukuu.

Hosiana akakirudisha mezani taratibu. "Mama, mngeusoma tu ule ujumbe." Soda yake hakuigusa.

Gari likaondoka. Hapo nilitakiwa kushinda. Lakini shangazi hakunitazama hata kidogo. Akamgeukia mumewe: yule dada anataka tukate tamaa atushushie bei, ni mjanja wa mjini. Baba Blessing akakipima kwa kiganja, kama anavyopima kila kitu. Akasema dawa yake ndogo. Akiyeyushe leoleo, kama kuna dhahabu itaonekana.

Kiyeyushwe.

Akasimama, anatafuta funguo za pikipiki. Kikasha kiko mezani. Mimi niko mlangoni na sinia. Kulikuwa na watu watatu, Blessing akiwemo, mimi wa nne.

"Ni shaba," nikasema. "Dhahabu imepakwa juu tu, na imeshatoka. Ni cha miaka ya hamsini. Msikichome."

Shangazi akageuka polepole. "Miaka ya hamsini."

Nikaweka sinia chini.

"Juzi ulisema hujui."

Nikakichukua mezani. Mbele yao wote, kama mwizi kweli, nikakimbilia huku.

Hajanifuata. Afadhali angenifuata. Nasikia anamwambia Blessing alete simu. Asome yeye, ule ujumbe wa Hosiana.

Blessing anasoma. "Plizi... du noti..." Amesimama.

"Endelea."

"Mama, mengine siyajui."

Anayajua. Nimemfundisha mwenyewe, hapa kitandani. Kwa hiyo ameelewa.

Kiti kimesogezwa. Ndala zinakuja, zimesimama mlangoni. Hapigi kelele.

"Nyamizi. Toka uje unisomee tena. Neno kwa neno, Blessing akiangalia."

Kikasha kiko mapajani. Kifungo hakishiki tena, nikikifunga kinajifungua. Kioo cha ndani ya kifuniko ndicho peke yake kilichobaki kizima. Ni kidogo, naona mdomo wangu tu.

Umeshafunguka.