Sauti ya Mgeni Rasmi

Tabora

Baba mpendwa,

Shikamoo, na Mama umfikishie shikamoo yake. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Mimi mwili ni mzima, kushona nashona, na joto la huku nimelizoea. Ila roho imechafuka, na nakuandikia wewe kwa sababu umefundisha kwaya maisha yako yote.

Ile okestra yetu ya ridhaa unaijua: mafundi, wauguzi na muuza asali mmoja wa Ziba, tunakutana Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, njia ya Kitete. Wenzangu wote wanapiga fidla na vyombo vingine vya nyuzi. Mpulizaji nilikuwa mimi tu, na ile zumari ya Kizungu iitwayo oboe. Sasa katika okestra zumari hiyo ndiyo inayotoa sauti, wengine wanakaza nyuzi kuifuata. Jambo hilo liliwakera wazee wa kamati yetu. Kwao kutoa sauti ni heshima ya mwalimu wa kwaya, iweje apewe binti mshona sare?

Siku ya onyesho nilikuwa na kipande cha kupiga peke yangu, nilichokifanyia mazoezi tangu masika. Mgeni rasmi alikuwa tajiri mmoja wa tumbaku. Mwalimu wetu, kwa kujipendekeza, akamsogezea kipaza sauti na kumwomba atufungulie kwa kutoa sauti. Mgeni akaguna, "Mmmh." Baba, nakuapia, wakalegeza nyuzi zote kuufuata mguno ule. Nikamnong'oneza mwalimu kwamba zumari ni mti, hailegezwi.

"Sauti imeshatolewa," akanijibu. "Wewe nani uisahihishe?"

Kipande changu kikafika. Nilipuliza sawasawa, na nikasikika mimi ndiye mkosefu. Watu walicheka, hata kina mama wa kwaya waliokaa mbele. Nilishikwa na kinyaa cha muziki wenyewe. Baadaye kamati ikaamua nikamwombe radhi mgeni kwa kumwaibisha, la sivyo nirudishe zumari, maana ni mali ya kundi.

Nikaenda, kwa kuwa nilitaka sana kubaki. Nikapiga goti kama desturi ya huku, nikamweleza kosa langu. Akanishangaa.

"Sauti gani, binti? Mimi nilikuwa nasafisha koo niseme karibuni."

Nilirudi kwa mwalimu mbio nikijua nimepona. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakuona haya. Akasema mheshimiwa ni mnyenyekevu tu, na kwamba ule mguno wameshaurekodi kwenye simu, ndio utakaotumika. Nikaiweka zumari mezani nikaondoka. Jumamosi nilipita nje ya ukumbi nikausikia: mmmh, kisha fidla zote zikaitikia kwa adabu.

Nisalimie shangazi muuza ndizi, dada mkubwa na shemeji. Mjomba mwinjilisti msalimie pia, lakini haya usimwambie, atacheka katikati ya ibada.

Ni mimi mwanao, ambaye kwa sasa hata redio siitaki,

Tumaini