Viazi vya kikanda vilivyochanua Uvira

Kimanga, Uvira

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama siku ile kituoni, treni ilipoanza kutembea nawe ukakataa kulia mbele ya watu. U hali gani? Goti bado linakusumbua asubuhi? Na Baba, kifua chake kimetulia, ama vumbi la mgodi limerudi? Sisi tu wazima. Mimi ni zaidi ya mzima, Mama: nimeolewa! Kila nikiliandika neno hilo kalamu inacheza.

Tangu Katanga ijitenge posta haieleweki, kwa hiyo barua hii inabebwa na mjomba wa Gaspard, fundi wa meli hapa bandarini Kalundu. Akikufikia mpe chakula, ni mtu wa kula.

Nataka nikueleze habari ya kikapu chako cha kikanda, vile viazi vyetu vya bondeni. Unakumbuka nilivyonung'unika kwamba hukuviosha viazi? Ulisema, "Utaviosha siku utakapompikia mama mkwe wako." Basi tulipofika nilikifungua kikapu, na mume wangu akapiga magoti kama yuko kanisani.

"Beatrise! Hizi ni orkide!"

"Ni chakula cha mama yako," nikamwambia.

Lazima ujue, Mama, kwamba Gaspard wangu anapenda orkide, hayo maua ya porini, kuliko kitu chochote duniani ila mimi (nimemwuliza). Watu wakikata miti kule milimani kufungua mashamba, yeye hupanda kuokota zile zilizoanguka pamoja na matawi. Uani kwetu kumejaa. Kuna ile ya chui, ya manjano yenye madoa ya kahawia, ameifunga kwa kamba juu ya kisiki cha avoka, mizizi ikining'inia hewani. Kuna nyeupe yenye mkia mrefu mwembamba, ambayo mchana haina harufu, lakini jua likizama inanukia mpaka chumbani kwetu. Sitasema zaidi, wewe ni mama yangu. Hizo hazitaki udongo hata kidogo, ni mkaa na vipande vya magome tu. Ila orkide za ardhini hakuwahi kuzipata, na wewe umemtumia kikapu kizima!

Akaniomba konzi moja. Nikamwambia, "Mama yako akisema mkono wangu ni mfupi, nani atamjibu?" Akasema atajibu yeye. Nani angemkatalia yule, na macho yale? Akachagua viazi vigumu vyenye jicho, akavipanda kwenye chungu na udongo wote uliovishika.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema, lakini ana hofu. Hapa jina la Katanga sasa linawasha masikioni kama pilipili. Tulipokwenda Sange kununua mchele wa karamu ya kunipokea, askari wa kizuizini aliniuliza natoka wapi. Kabla sijafungua kinywa, mama mkwe akajibu, "Huyu iko muntu wa Kasongo." Tangu siku ile nikawa mtu wa Kasongo kwa majirani wote.

Nikapika kama ulivyonifundisha: nikakausha, nikatwanga, nikatia karanga, maji ya majivu na pilipili, nikasonga mpaka ikashikana na kukatika kwa kisu. Shangazi wa Gaspard akashangaa, "Hii iko nyama gani?"

"Si nyama, Shangazi, iko viazi vya kwetu."

"Vya Kasongo," mama mkwe akadakia upesi, akiangalia uani kwa majirani. Lakini alikula! Alikula na kilichobaki akakifunika, akaenda nacho kwake. Nikafurahi, ila kitu kilinichoma. Ile ilikuwa kazi ya mikono yako, Mama, umeinama kwenye bonde la nyasi na hilo goti lako, halafu sifa ikaenda kwa mji ambao sijawahi kuuona.

Kiangazi chote Gaspard alikataza kumwagilia kile chungu. "Viache vilale." Mimi nikavionea huruma, nikachota maji ziwani. Alitoka mbio na sabuni usoni! "Weye, unataka kuviua? Maji ya ziwa iko na chumvi ya mawe!" Orkide zinataka maji ya mvua tu. Sasa ninakinga kila tone la bati letu.

Mvua ikaja, majani yakatokeza. Gaspard ananiambia kilichoviokoa ni udongo ule wa kwenu uliovigandia, kwani orkide za ardhini zinakataa kuamka kwenye udongo mgeni. Nami nilikununia kwa ajili ya udongo huo! Juzi juzi zikachanua, Mama: mashuke marefu ya rangi ya waridi, kama bondeni kwetu wakati wa masika.

Mama mkwe akaja kutazama. Akayainamia maua, akauliza, "Ndiyo hii nilikula?"

"Ndiyo, Mama."

"Miye nilikula maua! Kumbe ndiyo sababu baba yenu ananiangalia-angalia sana." Tulicheka mpaka Gaspard akaona haya.

Jumapili asubuhi mama mkwe akaja amevaa kitenge chake kizuri. Hakuuliza mtu. Akakibeba chungu kichwani, akatembea barabarani hadi kanisani, mimi nyuma yake, akakiweka miguuni pa Bikira Maria. Baada ya misa wanawake wakamzunguka. Mmoja, yule mwenye ulimi mrefu, akasema, "Maua mazuri! Kumbe Kasongo kuna maua hivi?"

"Si ya Kasongo," akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Ni ya Katanga. Mukwe wangu alikuja nayo, toka kwa mama yake. Nani iko na neno?"

Mama, nilitembea kurudi nyumbani kama aliyevikwa taji.

Nisalimie Baba, kaka yangu wa karakana, dada mdogo anayelala sasa kitandani kwangu, na bibi aliyenifunda. Mwambie yote aliyosema ni kweli.

Mama mkwe anaomba kikapu kingine kiangazi kijacho. Tafadhali, usivioshe.

Mwanao mwenye furaha isiyofichika,
Beatrise wa Gaspard