Fundo la Mkono wa Kushoto

Butembo, Mususa

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Mwajuma,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walio chini ya paa la marehemu baba, huko kwetu Maniema. Miguu ya Mama inaendeleaje? Ameacha kuinua ndoo, au bado anakataa kukatazwa? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini hapa kila mtu amekonda, kwa hiyo haionekani.

Yaya, kabla hujaendelea, toka nje. Usisome barua hii mbele ya Mama, wala mbele ya shemeji Zaina. Kaa peke yako.

Uliniuliza kama mdogo wetu Hassani yu hai, au mkewe Zaina akae eda. Ulisema wazee wa msikiti wamechoka kumwona si mke wala si mjane, na yeye bado anafunika sahani ya mumewe kila jioni. Nimechelewa kukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Nilichojua ni kile unachokijua wewe: Hassani alipata kazi ya udereva Goma, tajiri wake akamkabidhi pikapu mpya, akatuma salamu kwamba anapanda kwangu Butembo nikaione, na baada ya kupita mji wa Kayna, njiani, hakuna aliyemwona tena. Ile gari sikuiona hata siku moja. Yeye ndiye aliyenisifia kwa salamu kwamba juu ya kioo cha dereva kuna kidirisha kinachotaja joto la nje, kama redio inayosoma habari. Nilicheka. Nilisema huyu mtoto anaajiriwa na gari, si na tajiri.

Sasa sikia.

Garajini kwetu, Yaya, hatuchagui wateja. Mwenye bunduki akileta gari, tunalaza maboksi ya karatoni chini na kuingia uvunguni. Basi akaja commandant mmoja na pikapu ya kijani, rangi imepakwa kwa brashi kama mlango wa choo, mbele imefungwa vyuma vya kusukumia vizuizi. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, baridi ile ya Butembo inayoingia mpaka kwenye meno. Akaniita nitazame ndani. Kidirisha kilikuwa kinasoma 39.

“Weye unasikia joto?”

“Hapana, mon commandant. Ni baridi.”

“Basi nani anasema bongo, nani muongo, mimi ao motokari? Nilimupiga chauffeur mwenye kuiendesha sababu ya hii kitu. Utengeneze. Ukiharibisha, tutaonana.”

Mwenyewe niliona mambo ya ajabu. Watu wanalala porini na watoto, na huyu anagombana na tarakimu. Lakini nikamkumbuka Hassani, kwa sababu pikapu zenye kidirisha hicho si nyingi katika barabara zetu. Nikajiambia, Salumu, fanya kazi, usifikiri.

Nikafuata waya. Haukukatika popote. Kile kitu kinachopima joto ni kidogo kama punje ya haragwe, na kazi yake ni kukaa mbele kabisa, nyuma ya pare-choc, yaani bampa, ipigwe na upepo. Niliichovya ndani ya kikombe cha maji ya baridi, nikangoja, tarakimu zikaanza kushuka polepole. Kumbe punje ilikuwa nzima. Ila waliofunga vile vyuma waliivuta na kuitupa nyuma, ikawa inaning’inia juu ya radiateur, rejeta ya injini. Ilikuwa inapima joto la injini na kuliita joto la dunia.

Sasa nikaitafuta pale ilipokuwa zamani, niirudishe. Nikakuta kwamba hata kabla ya vyuma hivyo kuna mtu alishaifunga kwa mkono, kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kipande chenyewe kilikuwa bado kimekumbatia waya. Nikakisafisha matope kwa kidole.

Yaya, lilikuwa fundo la baba. Lile la kufungia magunia ya mpunga juu ya baiskeli, unazungusha mara mbili, unapitisha ncha chini, unaichoma na kiberiti isichomoke. Lakini lilizunguka kinyume. Lilikuwa limefungwa na mtu wa mkono wa kushoto, na nyumbani kwetu huyo ni mmoja tu.

Nilibaki chini ya gari muda mrefu. Askari mmoja akapiga teke buti langu, akauliza kama nimelala. Nikamjibu kwamba ninatafuta spana. Nililia, Yaya, lakini chini ya gari mafuta yanadondoka usoni na hakuna anayekuuliza.

Nilikata ule mpira upande usio na fundo, nikautia mfukoni. Nikaifunga punje mbele kwenye upepo kwa mpira mwingine. Kidirisha hakikushuka mara moja, maana gari ikisimama joto la injini bado linaifikia punje, mpaka itembee upepo uipige. Commandant hakutaka maelezo. Alikuwa ametwaa kipima-joto cha friji ya chanjo katika kituo kimoja cha afya, akaniamuru nipande kiti cha nyuma, twende Beni, na kama vitu hivi viwili havitapatana ataniacha huko huko barabarani.

Tulipoondoka tarakimu zikaanza kushuka. Nilikuwa ninazitazama na kuomba. Kwenye kizuizi kimoja commandant akashuka kuongea na watu wake, na kidirisha kikapanda kidogo. Chauffeur wake, kijana mwenye jicho lililovimba, akacheka peke yake.

“Ikisimama inasemaka bongo. Ikitembea inasema kweli.”

“Nani alikufundisha?”

“Chauffeur ya kwanza. Tulimupataka pamoja na motokari, kule Kayna. Mutu wa Maniema. Alikuwa anasali hata kwa volant, mikono kwa usukani.”

“Yuko wapi sasa?”

Akanitazama katika kioo. “Papa, alitutembeza sana, akajua njia yetu yote. Donc basi, commandant akasema haiwezekani arudie kwao.” Akanyoosha mdomo mbele. “Utaona daraja.”

Commandant akapanda, tukashuka kuelekea Beni, hewa ikawa ya moto na tarakimu zikapanda, naye akaanza kunilaani kwamba ugonjwa wa kidirisha umerudi. Nikamwambia Beni iko chini, joto lake ni la kweli, apime mwenyewe. Tulipofika kwenye daraja alisimamisha gari, akatoa kile cha friji dirishani, akatazama huku, akatazama kule. Vyote viwili vilisema 25.

“Voilà,” akasema. “Sasa inasema kweli.”

Chini ya daraja kulikuwa maji na matete. Sikuona kitu kingine. Nilisoma Fatiha bila kufungua midomo, na hayo ndiyo mazishi niliyoweza kumfanyia mdogo wangu. Nimemtengenezea gari aliyemwua, Yaya, na sasa inafanya kazi vizuri. Ninakula, ninakwenda kazini, na ninaichukia mikono yangu.

Nisalimie mjomba mwadhini, umwombe asimamie sala ya asiye na kaburi. Umsalimie mama mkwe wa Hassani, aje alale na binti yake. Mshike Mama mkono badala yangu. Zaina umwambie wewe, si wanaume wa msikitini.

Barua hii anaileta mke wa mfanyabiashara anayepanda ndege ya mizigo kuja huko. Ndani ya bahasha kuna kile kipande cha mpira. Usikifungue. Mimi nimekwisha kukubali, lakini wewe ndiye uliyekaa naye barazani na kumfundisha fundo la baba kwa mkono wake wa kushoto, baba alipokuwa amekata tamaa naye. Kitazame mwanga ukiwa mzuri. Ukiona si mkono wake, choma barua hii, na mwache Zaina aendelee kufunika sahani.

Mdogo wako,
Salumu