Vifaranga Wenye Manyoya Miguuni

Kwa ndugu yangu Kyalo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sijui mvua imenyesha Kathiani au bado mnatazama mawingu. Ukinijibu, anza na hilo. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili, mengine usiulize sana. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe ni mwepesi wa kubadilisha mazungumzo. Barua hii ataileta Wambua, tunayeishi naye chumba kimoja. Mkataba wake umekwisha, bahati yake. Nimemwambia asiguse hata chai yenu kabla hujafungua barua.

Mimi bado niko jiko la kambi ya wafanyakazi. Kuku wa huku huletwa wamegandishwa kama mawe, hawana kichwa wala miguu, wote saizi moja. Nimewakata maelfu, na sijaweza kusema hata mmoja ni wa nani. Mama angenicheka sana.

Sasa tuje kwa ile picha uliyonitumia. Ulisema, "Ona vile kuku za Mwaitu zimezaana! Bado ni yeye anazilea." Kuku za Mama, eti, vifaranga sita juu ya gunia. Kyalo, umesahau unamtumia nani? Kila Jumapili baada ya kanisa majirani walikuwa wakija kwetu na vifaranga kwenye karai, wakibishana jogoo wa nani ndiye baba, ili Mama awaamue, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama nikisikiliza. Anza na miguu, alikuwa akisema. Kisha kilemba, kisha shingo. Rangi iangalie mwisho, kwa sababu rangi hudanganya.

Basi nikaanza na miguu. Wawili wana shingo tupu bila manyoya, kwa hivyo mama yao ni yule tetea wetu mweusi mwenye shingo kama hiyo, hapo hujanidanganya. Lakini wanne wana manyoya miguuni mpaka vidoleni. Manyoya ya miguu hayatoki hewani. Mtoto akiwa nayo, mzazi mmoja alikuwa nayo. Kwetu hajawahi kuwako kuku wa hivyo. Baba yao ni jogoo wa jirani, Mama Mutuku, yule aliyenunuliwa soko la Matuu, ambaye Mama alikuwa akimfukuza kwa fimbo kila aliporuka ua. Mama alikuwa akisema kuku wa soksi hubeba tope mpaka kwenye kiota, mayai yote yakachafuka. Hata akiwa na malaria alitoka kitandani kumfukuza.

Kwa hivyo yule jogoo amekaa uani kwetu siku nyingi na hakuna aliyemfukuza. Si Mama anayelea kuku hao. Nilikaa na simu mkononi nikaelewa, na nililia, sikufichi.

Nikakumbuka pia siku ile Mama alipopokea simu akaniuliza, "Wewe ni mwana wa nani?" Ukamnyang'anya simu ukasema, "Aki network ni mbaya, hasikii vizuri. Ako sawa tu, tuliza roho." Tangu hapo kila nikipiga, amelala. Kyalo, hakuna mtu wa Kathiani anayelala saa nne asubuhi.

Sikulaumu. Ulitaka nisiumie. Lakini sasa naumia peke yangu, na wewe unaumia peke yako huko. Nimeomba ruhusa mara mbili. Msimamizi ana pasipoti yangu kwenye kabati, anasema tutaona mwakani. Mwakani Mama atakuwa amebaki na nini?

Nifanyie jambo moja. Mshike kifaranga mmoja wa soksi, mpeleke kwa Mama, mwulize baba yake ni nani. Akikutukana kwa uzembe wako, akitafuta fimbo, niandikie upesi, nitafurahi mpaka nishindwe kula. Akimpapasa tu na kukurudishia, usihangaike kutafuta maneno ya kuniandikia. Najua ndivyo itakavyokuwa. Nafikiri nilijua kabla ya picha.

Nisalimie shemeji, najua ndiye anayemwosha na kumlisha, Mungu amlipe. Nisalimie shangazi wa Kalama anayetuletea maharagwe, na mzee wa kanisa aliyeniombea nikiondoka. Mama Mutuku msalimie pia, jogoo wake hana kosa.

Na siku nikirudi, Mama asiponitambua kwa uso, usimtajie jina langu, wala usimshike bega ukimwambia huyu ni mwanao. Unakumbuka kidole changu cha pili cha mguu kilivyolalia kile kikubwa, sawasawa na cha Mama. Niache mlangoni kidogo. Nitavua viatu.

Kakako,
Musyoka